Kukaa Ndani au Kuondoka: Masika na Uamuzi wa Kaya Katika Miteremko ya Kilimanjaro

Na Mwandishi Wetu, Moshi

Kila Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) inapotoa taarifa ya mvua kubwa inayoutaja Mkoa wa Kilimanjaro, maelfu ya kaya hukabiliwa na swali lile lile: je, familia ikae ndani hadi mvua ipungue, au iondoke mapema kwenda mahali salama? Kwa kawaida shauri linalotangulia kutolewa ni la kubaki nyumbani. Watoto hawaendi shule, wazazi huahirisha safari, na familia nzima hukusanyika sebuleni au jikoni ikisubiri maji yapungue barabarani.

Shauri hilo ni sahihi kwa kaya nyingi, lakini si kwa zote. Katika mkoa ambao ardhi yake inateremka kutoka msituni hadi tambarare katika umbali mfupi, nyumba inayotegemewa kuwa kimbilio yaweza kuwa ndipo hatari inapoelekea. Kaya iliyoko Uru au Kibosho, kaya iliyoko katikati ya Manispaa ya Moshi na kaya iliyoko Mabogini au Kahe hunyeshewa na wingu moja, lakini hukabiliwa na hatari tatu tofauti, tena kwa nyakati tofauti. Kwa sababu hiyo, taarifa ya hali ya hewa hufanya kazi yake kikamilifu pale tu ambapo kaya inayoipokea inajua tayari imejenga mahali pa namna gani.

Matukio mawili, mafunzo mawili

Msimu wa mvua wa 2023/2024, ulioambatana na El Niño, uliacha mafunzo ambayo hayapaswi kusahauliwa. Tarehe 12 Aprili, 2024, jijini Arusha, gari lililokuwa limebeba wanafunzi lilisombwa na maji lilipokuwa likijaribu kuvuka eneo lililofurika, na watoto wakapoteza maisha. Funzo la siku hiyo halikuhitaji maelezo marefu: laiti safari hiyo isingefanyika, watoto wale wangekuwa salama.

Miezi minne kabla ya hapo, tarehe 3 Desemba, 2023, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, na kuufikia mji mdogo wa Katesh na vijiji jirani. Watu 89 walipoteza maisha. Hapo hali ilikuwa kinyume cha Arusha, kwa kuwa maafa yaliwafuata wananchi katika makazi yao. Mkoa wa Kilimanjaro nao unalijua jambo hilo kwa uchungu. Mwezi Novemba, 2009, maporomoko ya udongo katika eneo la Mamba Miamba, wilayani Same, yaliua zaidi ya watu 20.

Tarehe 25 Aprili, 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Mhe. Kassim Majaliwa, aliliarifu Bunge jijini Dodoma kwamba mvua za msimu huo, pamoja na mafuriko, upepo mkali na maporomoko yaliyoambatana nazo, zilikuwa zimesababisha vifo vya watu 155 na majeruhi 236 nchini. Zaidi ya kaya 51,000 zenye watu zaidi ya 200,000 ziliathirika. Mkoa wa Kilimanjaro haukusalimika: mwishoni mwa mwezi huo mvua kubwa ilileta mafuriko katika maeneo ya tambarare ya Wilaya ya Moshi na maporomoko ya udongo milimani, na wapo wananchi waliofikwa na mauti wakiwa majumbani mwao.

Matukio haya yakiwekwa pamoja, yanaonesha kwamba wito wa kubaki ndani na wito wa kuondoka haupingani. Kila mmoja una mahali pake na saa yake. Kinacholeta maafa ni kuufuata wito usiolihusu eneo husika, au kuufuata ulio sahihi baada ya saa yake kupita.

Mlima mmoja, hatari tatu

Chanzo cha tofauti hizi ni umbo la mlima wenyewe. Mji wa Moshi uko takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari. Katika umbali usiofika kilomita 20 kuelekea kaskazini, ardhi hupanda hadi mita 1,800, ambako vihamba huishia na msitu wa hifadhi huanzia. Miteremko ya kusini ndiyo inayopokea mvua nyingi zaidi mlimani, hasa kati ya Machi na Mei, na ukanda wa msitu hupata mvua mara mbili au tatu ya ile inayonyesha mjini. Maji hayo hushuka kupitia makorongo membamba na mito ya Weruweru, Karanga na Rau, pamoja na mito mingine iliyo kati yake. Weruweru na Karanga huishia katika Mto Kikuletwa, ilhali Rau huelekea Mto Ruvu, na yote hatimaye hukutana katika Bwawa la Nyumba ya Mungu.

Kwa kaya ya mlimani, hatari kubwa si maji ya mto, bali ni udongo. Mvua inyeshapo kwa siku kadhaa mfululizo, udongo hunywa maji hadi ukashiba; uzito wake huongezeka huku mshikamano wake ukipungua. Mvua nyingine kubwa ikija juu ya hali hiyo, kingo iliyosimama miaka mingi yaweza kuteremka kwa dakika chache. Nyumba iliyo hatarini zaidi ni ile iliyojengwa chini ya kingo iliyochongwa ili kupata kiwanja bapa, au iliyo kwenye mdomo wa korongo. Maporomoko ya namna hii yanapotokea usiku huwakuta watu wamelala. Kwa kaya ya aina hiyo, kukaa ndani si usalama. Wakati wa kuondoka ni kabla ya mvua kubwa ya usiku kuanza, wakati njia bado zinapitika na wazee bado wanaweza kushikwa mkono.

Kwa kaya ya mjini, mambo ni tofauti. Sehemu kubwa ya nyumba za Manispaa ziko mbali na kingo za kuporomoka, na kwa hizo ndani ndiko mahali salama zaidi. Hatari iko nje: mitaro iliyoziba taka, makalavati yaliyozidiwa, nyaya za umeme zilizoanguka na barabara zilizogeuka mito. Kwa vipimo vinavyotumiwa na waokoaji duniani, maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanatosha kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huweza kuisogeza gari ndogo, na sentimita 60 huchukua magari mengi. Mwendesha bodaboda anayekadiria kina kwa macho juu ya maji ya tope hana namna ya kujua kama lami bado ipo chini yake. Kaya za mjini zinazopaswa kuwaza kuondoka ni zile zilizo kandokando ya mito, hususan Rau na Karanga, na zile zilizo katika mabonde yanayopokea maji ya mitaa ya juu.

Kwa kaya ya tambarare, kuanzia Mabogini hadi Kahe na Arusha Chini, hatari huja kwa kuchelewa, na hapo ndipo penye mtego. Maji yanayofurika huko kwa sehemu kubwa hayakunyesha huko. Yalinyesha Uru, Old Moshi au Machame, yakachukua saa kadhaa kushuka. Mwananchi anaweza kuwa anaanika nguo juani au analimia majaruba yake ya mpunga huku mafuriko yakiwa njiani. Kwa hiyo anga jeupe juu ya Kahe si ushahidi wa usalama iwapo mlima umejifunika mawingu tangu usiku. Kwa upande mwingine, kuchelewa huko ni akiba: kaya ya tambarare, tofauti na ile ya mlimani, ina muda wa kuhama ikiwa imeambiwa.

Kwa nini familia hubaki

Si haki kudhani kwamba familia inayobaki mahali pa hatari inafanya hivyo kwa ukaidi. Milimani, kihamba si kiwanja cha kawaida. Ni urithi uliopokelewa kwa babu na unaotarajiwa kufika kwa mjukuu; ndani yake mna migomba, kahawa, zizi la ng'ombe na makaburi ya wazee. Mtu anayeambiwa aondoke anaambiwa aache vyote hivyo gizani, na ng'ombe wa maziwa hapakiwi kwenye pikipiki.

Aidha, kihamba kimepungua. Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Mkoa wa Kilimanjaro una wakazi 1,861,934, na ardhi ya mlimani imegawanywa kizazi baada ya kizazi. Mtoto wa mwisho kugawiwa mara nyingi hupata kipande cha ukingoni, karibu na korongo, ambako babu yake alipanda migomba tu na hakuthubutu kujenga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ni katazo lenye hekima, lakini mahali ambapo mgongo wa ardhi kati ya makorongo mawili ni mwembamba, kaya nyingi zilikwisha kujenga kabla ya sheria hiyo kutungwa. Kwa kaya hizo, mpango wa kuondoka kwa muda wakati wa hatari ndiyo kinga iliyo karibu zaidi huku ufumbuzi wa kudumu wa makazi ukiendelea kutafutwa.

Sababu nyingine ni umri wa wakaazi. Vijana wengi wako Dar es Salaam, Arusha au Dodoma, na hurudi mwishoni mwa Desemba. Masika huikuta nyumba ikiwa na bibi, babu na labda mjukuu mmoja. Mara nyingi tahadhari ya TMA humfikia kwanza mtoto aliyeko Dar es Salaam kupitia simu yake ya mkononi, naye ndiye hupiga simu nyumbani. Simu hiyo ni msaada mkubwa, lakini haiwezi kumbeba mzee asiyeweza kutembea. Anayeweza ni jirani, na jirani huyo anapaswa kujulikana kabla ya siku yenyewe.

Taarifa inapofika kitongojini

Mfumo wa kitaifa wa tahadhari umeimarika. TMA hutoa mwelekeo wa mvua wa msimu, na hutoa pia tahadhari kwa siku tano zijazo katika ngazi tatu: Angalizo kwa rangi ya njano, Tahadhari kwa rangi ya chungwa, na Tahadhari Kubwa kwa rangi nyekundu. Kila taarifa huonesha uwezekano wa tukio kutokea na kiwango cha athari kinachotarajiwa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 nayo imeweka kamati za usimamizi wa maafa kuanzia ngazi ya Taifa na kushuka hadi ngazi ya kijiji na mtaa, chini ya uratibu wa Ofisi ya Waziri Mkuu. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake makuu mjini Moshi, ndiyo yenye jukumu la kusimamia rasilimali za maji za mito hii.

Hata hivyo, taarifa ya hali ya hewa hutaja mikoa, haitaji kitongoji. Tahadhari inayosema mvua kubwa inatarajiwa katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara ni sahihi kisayansi, lakini haiwezi kumwambia mkazi wa kitongoji fulani kwamba kingo iliyo nyuma ya jiko lake imeshiba maji. Kazi ya kuitafsiri taarifa ya mkoa iwe uamuzi wa nyumba moja hubaki kwa kamati ya kijiji au mtaa, mwenyekiti wa kitongoji na kaya yenyewe. Hapo ndipo mnyororo wa tahadhari hupimwa uimara wake.

Kamati inayofanya kazi yake vema haisubiri rangi nyekundu. Kabla ya Masika huorodhesha nyumba zilizo chini ya kingo na kandokando ya mito, hujua kila nyumba ina wazee, wagonjwa na watoto wangapi, na hukubaliana mapema ni shule, kanisa, msikiti au ofisi ipi iliyo mahali pa juu na imara itakayowapokea. Hukubaliana pia juu ya ishara. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Katika vijiji vya mlimani kengele ya kanisa na kipaza sauti cha msikiti bado hufika mahali ambapo mtandao wa simu umekatika pamoja na umeme.

Muhimu zaidi ni kamati za juu na za chini kuzungumza. Mwenyekiti wa kitongoji cha Uru anayeona mto umebadilika rangi na kubeba magogo ana taarifa ambayo mwenzake wa Mabogini anaihitaji kuliko mtu yeyote. Simu moja kati yao hugeuza saa za kuchelewa kwa maji kuwa saa za kuokoa watu, mifugo na magunia ya mpunga.

Uamuzi wa kufanywa kabla ya wingu

Kwa upande wa kaya, uamuzi hauhitaji elimu kubwa. Unahitaji kufanywa wakati wa jua. Familia yapasa kuzunguka nyumba yake na kujiuliza mambo matatu: nyuma ya nyumba kuna nini, maji ya mvua hupita wapi, na njia ya kutokea inavuka mto au haivuki. Nyumba isiyo na kingo nyuma, isiyo kwenye mkondo wala kandokando ya mto, ni ya kukaa ndani. Nyumba yenye kingo au korongo nyuma ni ya kuondoka mapema, tena mchana, Tahadhari inapotolewa na mvua imekwisha kunyesha siku kadhaa. Nyumba ya tambarare iliyo karibu na mto ni ya kuhamisha watu na mali mara mlima unaponyeshewa sana, hata kama kwao ni kukavu.

Ardhi yenyewe hutoa dalili. Nyufa mpya ardhini au ukutani, milango na madirisha yanayoanza kukwama ghafla, miti na nguzo zinazoinama, chemchemi inayotoa tope, na mto unaopungua ghafla ilhali mvua bado inanyesha, zote ni ishara za kutoka bila kusubiri maelekezo. Dalili ya mwisho huwadanganya wengi. Mto kupungua katikati ya mvua haumaanishi kwamba hatari imekwisha. Huenda magogo na tope vimeziba juu, na kizuizi hicho kikivunjika maji yatakuja kwa pamoja.

Kwa familia inayokaa ndani, wajibu ni kuzima swichi kuu ya umeme maji yanapoanza kuingia, kuweka vyeti, dawa na vitambulisho katika mfuko usiopitisha maji, kuhakikisha simu zina chaji, na kuwazuia watoto kucheza kwenye mitaro. Familia inayoondoka ipite njia zisizovuka maji, imwarifu mwenyekiti wake kwamba nyumba haina mtu ili waokoaji wasipoteze muda, na ifungue zizi ikiwa haiwezi kuondoka na mifugo. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana bila malipo kwa namba 114, na Jeshi la Polisi kwa namba 112.

Maji yakishapungua

Hatari haiishi mvua inapokatika. Vyoo vilivyofurika huchafua visima na mifereji, na kipindupindu hufuata mafuriko pale ambapo maji hayachemshwi wala kutiwa dawa. Kingo iliyolowa huweza kuporomoka siku kadhaa baada ya jua kutoka. Kwa hiyo familia iliyohama isirudi kwa sababu tu anga limetakata. Irudi baada ya kamati na wataalamu wa halmashauri kulikagua eneo.

Kwa muda mrefu zaidi, kinga ya nyumba za mlimani ni ile ile iliyowalinda wazee: migomba, mikahawa na miti mirefu iliyopandwa kwa tabaka, ambayo mizizi yake hushika udongo na majani yake huvunja nguvu ya matone. Mifongo, ile mifereji ya asili iliyochimbwa kwa vizazi vingi, ikisafishwa huelekeza maji kwa utaratibu. Ikiachwa izibe, maji hutafuta njia yake yenyewe, na mara nyingi njia hiyo hupita uani mwa mtu. Msitu wa asili, uliojumuishwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, si wa watalii peke yao. Kila hekta yake inayobaki salama hupunguza kasi ya maji yanayoelekea Moshi.

Serikali inaendelea kuwahimiza wananchi kufuatilia taarifa za TMA na kuzingatia maelekezo ya mamlaka. Wito huo utakuwa na maana kamili mkoani Kilimanjaro iwapo kila kaya, kabla ya mvua inayofuata, itakuwa imekwisha kujijibu kama yake ni nyumba ya kukaa au ya kuondoka, itakwenda kwa nani, na nani atamshika mkono bibi.